Malalamiko Juu ya Kufungiwa Mlango Wapanda Nyanya

Kwa Walinzi wa Zamu,
Nyumba ya Enramada,
Montevideo.

Ndugu Walinzi,

Dakika moja iliyopita mwanangu Abril, wa miezi kumi na minne, ameitumbukiza simu yangu kwenye sufuria ya dengu nilizoloweka, akaipigia makofi ilipozama. Sikumgombeza. Simu yenyewe haina faida tangu Jumatano iliyopita, na nadhani mtoto ameliona hilo kabla yangu. Ndiyo maana naandika kwa kalamu. Yamila, mke wangu, ataipiga picha barua hii kwa simu yake awaletee.

Naandika kwa heshima zote na kwa hasira kidogo, hasira ya mtu anayetaka mambo yaishe vizuri. Kama kuna mgeni kwenye kamati, ajue kwamba mtandao wetu wa kijamii hauna tajiri mmoja anayeumiliki. Ni nyumba nyingi, kila moja na sheria zake na walinzi wake, na katikati kuna milango. Sisi watu wa upinde wa mvua tuna Enramada yetu, tunailinda kwa zamu, na wanaotutukana wanabaki nje. Hilo sina neno nalo. Neno langu ni kwamba Jumatano mliufunga mlango wa kwenda Cantero, nyumba ya wapenda bustani, na humo yumo mama yangu.

Mama ni Zulma Bentancor, wa Tacuarembó. Tangu nilipooana na Yamila, miaka mitatu sasa, hajanipigia simu hata siku moja. Abril alipozaliwa, mtu wa Cantero akaanza kupita kwenye picha zetu. Hakutoa salamu wala hongera. Chini ya picha ya kwanza aliandika tu, "Mche huo uondolewe kwenye upepo." Nikajua ni yeye. Tangu hapo ndivyo tunavyoongea: mimi naweka mtoto, yeye anatoa ushauri wa bustani. Huo ndio uzi tulio nao, hatuna mwingine, na nyinyi mmeukata. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mmewafungia watu mia tatu na kumi na wawili kwa sababu ya mdomo mmoja. Najua sheria: mtu wa nyumba nyingine akivuka mpaka, mlinzi wake anaandikiwa, na asipojibu kwa siku moja mlango unafungwa. Lakini Cantero ina mlinzi mmoja tu, Don Wáshington, mwenye miaka sabini na minane, na yeye hufungua kompyuta Jumapili akishakula. Nyinyi mmemwandikia Jumanne. Mlitegemea nani ajibu, maboga? Nadhani mwenye kosa ni yule wa Cantero anayejiita Rosedal, ambaye aliwahi kuandika kwamba mtoto wa wanawake wawili ni gugu. Kama ni yeye, si mngemfungia yeye?

2. Pazia. Sheria yetu inataka picha ya uso unaomtazama mtu machoni ifunikwe, maana wako wenzetu wanaoshtuka kutazamwa. Sikatai. Lakini Abril anatazama watu, ndiyo kazi yake pekee hapa duniani. Nikamfunika. Mama hakujua kwamba pazia linabonyezwa likafunguka, akaandika, "Miche ikifunikwa mno inaoza." Nilipoona hivyo nikaanza kumpiga mtoto picha kwa nyuma. Majira yote ya baridi bibi amemjua mjukuu wake kwa kisogo. Mwezi huu tu ndipo Yamila aliponiambia ningeweza kumwandikia maelezo ya kulifungua, na nilikuwa nayaandika, mistari sita, mlipofunga mlango.

3. Mlinzi aliyekuwa zamu namwomba ajitokeze. Mimi nimeshika zamu, kazi naijua. Tunaletewa sentensi tupu, majina yamefichwa, nyumba imefichwa, mtu asije akampendelea rafiki. Juzijuzi nilikuwa nambadilisha Abril nepi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikahukumu sentensi hii: "Kinyesi cha kuku kinakuzidi wewe, maana chenyewe kina kazi bustanini. Rudia tena hilo neno nije na jembe nikupande kichwa chini, miguu juu." Nikabonyeza "amevuka mpaka" bila kusita. Hakuna kutishana, hata kama mtishaji anajua kupanga maneno. Siku hiyo nilitoa hukumu kumi na moja na mtoto hakupata upele. Mlinzi wa namna yangu hawezi kufanya uzembe kama huu. Huyu wenu ama hana mama, ama ana mama anayempigia simu kila siku hadi amechoka naye. Naomba avuliwe zamu na aoshe vyombo vyote siku ya mkutano wa mwisho wa mwaka, pamoja na wavu wa kuchomea nyama, na vya wasiokula nyama pia.

4. Kama mdomo mmoja unafunga nyumba nzima, basi tufunge sawasawa, tusibague. Tuanze na Enramada yenyewe. Dada Mirtha, aliyeianzisha, na Xiomara wamegombana siku tatu juu ya bendera ipi itundikwe, ya zamani au ile mpya yenye rangi zaidi, na Xiomara akafika mahali pa kusema kwamba rangi ya nywele za Mirtha ina umri mkubwa kuliko demokrasia. Jumapili walikuwa wanakula pamoja, lakini sheria ni sheria, Enramada ijifungie Enramada. Halafu mfunge nyumba yangu, maana Yamila ameitishia televisheni kila mara timu ya taifa inapofungwa. Kisha Abril mwenyewe. Ameshang'ata watu wanne, mmoja wao daktari wa watoto, na hajaomba radhi. Tukimaliza, kila mtu atakuwa salama chumbani kwake na hatakuwepo wa kumtukana wala wa kumwonyesha kitu. Abril ameota jino la tano Ijumaa. Nimelipiga picha nzuri. Nimebaki nayo tu.

5. Mkikataa kufungua, basi kamati initafutie mtu badala ya mama. Awe na miaka isiyopungua sitini, mkali kidogo, ajue nyanya, aandike chini ya picha za mwanangu kila Jumapili, na asiseme hongera hata mara moja.

Mnisalimie Dada Mirtha na nywele zake, Xiomara, wote wa zamu na wasio na zamu, na Don Wáshington mkimpata kabla ya Jumapili. Yamila anawasalimu. Abril angewasalimu, ila ana dengu mdomoni.

Wenu mtiifu, hadi mtakapojibu,
Noelia Bentancor

Tanbihi: Nimechukua simu ya Yamila nitazame daftari la zamu, nipate jina la mlinzi yule niliandike hapo juu. Zamu ya Jumanne ilikuwa yangu. Hukumu iliyofunga mlango ni ile ya jembe. Kesi ikiisha majina hufunuliwa, na mimi sikurudi kuyatazama. Aliyetishiwa ni Rosedal, baada ya kumwita Abril gugu kwa mara ya pili. Aliyetishia ni Zulma Bentancor. Namba tatu iacheni kama ilivyo, vyombo nitaosha. Zilizobaki zifuteni, na Cantero msiifungue, Rosedal akae hukohuko. Ila kwenye foleni ya wanaoomba kuingia Enramada kuna ombi la jana, jina limefichwa kama kawaida. Panapoulizwa "Wewe ni nani katika upinde wa mvua?" mwombaji amejibu, "Mimi ni mama wa mmoja wenu. Jembe nitaliacha mlangoni." Hukumu hii siruhusiwi kuitoa mimi, kwa hiyo nawaomba nyinyi, nawaomba sana, na akishaingia mtu amwelekeze pazia polepole, asimcheke. Yamila ananiita, simu ya mezani imelia, inatoka Tacuarembó, anasema anayepiga amekataa kutaja jina, ila anauliza kama mche...