Jiko ya Kifaransa Soko ya Muthetheni

Swali nzuri, mwaitu Kavutha, mama yetu, swali nzuri sana, na usiketi, simama tu hivyo watu waone vile uko na akili, lakini mtu mkubwa hajibu swali kabla hajatambua wakubwa wenzake. Kwa hivyo: Mheshimiwa Chifu, ambaye amewakilishwa na kofia yake, Naibu wa Chifu, amka, Mchungaji, Katibu wa Kamati Ndogo ya Kamati Kubwa ya Masoko, kina mama mnaopika hapa sokoni, na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Kansela Musembi, diwani wenu, Mwenyekiti wa Safari za Mapishi, darasa la tano ya zamani, ambayo ni kama digirii ya siku hizi. (Makofi mbili. Moja ilikuwa ya kuua nzi.)

Mama ameuliza: mabati ya kibanda yetu mlitoa Januari mkisema mnajenga jiko ya kisasa, mvua ndiyo hiyo inakuja, jiko iko wapi? Najibu kitaalamu. Jiko iko kwa feizi ya kwanza, na feizi ya kwanza ni ya kuona na macho ya akili. (Munyiva, mpika muthokoi, ile mahindi ya kukoboa na maharagwe: "Macho ya akili haizuii mvua, mheshimiwa!") Asante mama, hiyo tunaandika kwa ripoti.

Ndugu zangu, mliponituma Ufaransa, mashambani kabisa, siku tisa, kusomea mambo ya kupika sokoni, sikulala. Huko mzungu anaamka asubuhi, anachukua kikapu kama hiyo kyondo yako Kavutha, anaenda soko ya kijiji, anashika nyanya, anainusa, anagombana na mwenye kuuza, halafu anaenda anapika ile amenunua, na wageni wanatoka Amerika na ndege kuja kuona hiyo maajabu! (Kavutha: "Si hiyo nimefanya tangu niolewe?") Kabisa, mwaitu, lakini wewe ulifanya bila utafiti. Wanakula konokono na kitunguu saumu. (Wazee wanatema mate. Naibu wa Chifu anaamka.) Maziwa wanaiacha igande mpaka inuke kama soksi ya askari wa soko, ndiyo sasa wanaita wageni. Mkate ni mrefu kama mwiko, mtu anabeba na kwapa na hakuna anayeuliza. Na utafiti yangu inaonyesha asilimia mia moja na kumi ya hao wageni watateremka hapa Muthetheni kula muthokoi, jiko ikisimama tu.

(Munyiva: "Na huko kulikuwa baridi ama joto?")

Kulikuwa na hali ya hewa, mama. Hali ya hewa ya kutosha.

Basi nikisema Mapishi, mseme Juu! Mapishi! (Kina mama wanaangalia mawingu.) Maendeleo! (Mbuzi analia.) Asante, huyo ameelewa.

Namalizia na shukrani. Namshukuru kinyozi Mbithi wa Wamunyu, aliyeniazima kalenda yake ya picha za Ufaransa, nikaisoma mwezi kwa mwezi, Januari mpaka Desemba. Namshukuru yule mama wa viza pale Nairobi, alinirudishia pasipoti ikiwa safi vile nilimpatia. Na zaidi nawashukuru nyinyi kina mama, mlitoa mabati na imani, maana bila hiyo imani ng'ombe zangu zingelowa. (Kina mama wanasimama wote. Wako na miiko.)

Ngojeni! Munyiva, shusha hiyo mwiko, mama, tuongee kama watu wa biashara. Nikitoa mabati juu ya ng'ombe leo, misumari nitapata wapi, na mawingu ndiyo hiyo imefika kanisani? Mimi niko na paa, nyinyi muko na sufuria. Leteni sufuria kwa boma yangu, tusukume ng'ombe upande moja, mpike upande ile ingine, wateja watafuata harufu. Kodi sitaki. Nataka sahani moja tu ya muthokoi kila siku ya soko, ijae, na isiwe ile imeshika chini. Hata wewe hapo nyuma unayecheka, leta kiti yako. Haya, tone ya kwanza hiyo imeanguka. Unaingia, ama unalowa?