Pua Mpya ya Gari la Umeme

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza. Shemeji yangu mdogo anaolewa Jumamosi, na atabebwa na gari la mwanyumba wangu, Miwani. Huyu ni mume wa dada wa mke wangu. Kanunua gari jipya la umeme na sasa hasalimii mtu kabla hajaliegesha mlangoni pake. Na mimi langu la umeme! Kampuni ileile, umbo lilelile. Limezaliwa miaka kumi mapema tu. Na uso, nakiri, ni wa samaki aliyeshtuliwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Yadi ya vipuri wana gari kama la Miwani, limegongwa nyuma, mbele zima kabisa. Nimechukua bampa, boneti na taa zote mbili. Mke wangu kauliza vyuma hivyo vinafanya nini sebuleni. Nikamwambia asubiri maajabu. Akahamishia kiti chake jikoni.

Jumatano, 5 Machi
Fundi alidai haviingiliani. Nikamsifu mpaka akakubali. Kakata, kachomelea, kaunga nyaya. Ukiwasha indiketa ya kushoto inawaka ya kulia. Dogo hilo. Gari jipya! Ukilitazama kwa mbele.
Nililiegesha kwa mama mkwe, matako yake ndani ya ua wa michongoma. Mama akashika kifua.
“Mwanangu, umenunua jipya!”
Sikusema ndiyo. Nilitabasamu tu. Akaamua nimbebe mimi. Bibi harusi ni wangu! Miwani kafuta miwani mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Tundu la kuchajia la gari langu liko puani. La gari jipya liko ubavuni. Kwa hiyo pua mpya haina mlango! Fundi kasema kila nikitaka kuchaji lazima afungue boliti kumi na nane. Na kesho anasafiri mpaka Jumapili. Chaji iliyobaki: asilimia ishirini na mbili. Nikienda polepole, bila kiyoyozi, inatosha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kazini kwa miguu. Malengelenge mawili.

Jumamosi, 8 Machi
Bibi harusi kalalamika vipodozi vinayeyuka. Mama mkwe kaamuru kiyoyozi. Nani wa kumkatalia mama mkwe? Nikawasha. Katikati ya mlima, msafara mzima nyuma yetu, gari likakata roho.
Miwani akaja na kamba. Kabla sijafungua mdomo kaifunga kwenye bampa, kavuta. Bampa likamfuata. Taa zikalifuata bampa. Sisi tukabaki.
Mama akashuka, akazunguka hadi nyuma, akaona mbonyeo ambao geti lake lenyewe liliuacha mwaka juzi.
“Kumbe ni lilelile,” akasema. Kisha, taratibu: “Mwanangu, nilimpa mwenzako kwa sababu yeye aliomba. Wewe ungeomba, ningekukatalia?”
Bibi harusi akahamia kwa Miwani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana. Maneno ya mama yamenigusa. Kosa langu nimeliona waziwazi: alizunguka nyuma.
Nimempigia fundi kumuuliza taa za nyuma na mlango wa buti vitachukua siku ngapi. Simu ikakatika. Nimejaribu tena mara nne. Nadhani huko aliko mtandao ni mbovu.