Mlango wa Shemeji

Leo nimeaibika mchana kweupe, nikiwa na mlango kichwani. Msianze kucheka, bado sijaeleza.

Asubuhi nilitoka Sumbawanga bila mpango wowote. Mwenye nyumba alikuwa amenifukuza (tulitofautiana kuhusu kazi: yeye alitaka niwe nayo). Nilipofika njia panda nikaona upepo unaelekea Msanzi, nikaufuata. Mambo yangu huwa naamua hivyo. Hata shule niliiacha hivyo hivyo.

Jua lilipopanda nikamkuta mzee kakaa kando ya njia anakula kiazi cha kuchoma. Koti refu, viatu vya matairi, macho hayatulii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Sijui bado."

"Basi tunakwenda wote," akasema, akanimegea kiazi.

Jina lake Gaudensi. Hatujatembea mbali akanieleza, bila kuulizwa, kwamba yeye ni mwizi mstaafu. Neno mstaafu alilitamka kama karani anayesubiri pensheni. Zamani, alisema, alitoa mbuzi zizini huku mwenye mbuzi anaota moto hapo hapo. Alimvua mtu blanketi bila kumwamsha. Hajawahi kushikwa, si na polisi, si na mbwa.

Mtu mwenye akili angegeuza njia. Mimi nikauliza maswali. (Ndio ugonjwa wangu. Nikiona shimo lazima nichungulie.)

"Sasa mbona uliacha?"

"Hivi vijiji," akajibu kwa uchungu. "Zamani kila mtu alijenga kwake, migomba huku, kichaka kule. Sasa serikali imewapanga watu kwenye mstari kama meno. Mwizi atatokea wapi?"

Kisha akapunguza sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na kunguru mmoja. Leo, akasema, anarudi kazini mara moja, ya mwisho kabisa. Anakwenda kuiba mlango.

Nilisimama. Akanieleza. Baada ya kuhamishwa alijenga nyumba yake mpya mwenyewe, na mlangoni akatundika mkeka wa matete. Baridi ya Ufipa mnaijua. Usiku fisi naye akawa anakuja kunusa mkeka. Mkewe, Mama Leonsi, alivumilia mpaka akachoka. Juzi alifunga mzigo akaenda kwa kaka yake kule bondeni, akasema hatarudi mpaka nyumba iwe na mlango wa mbao.

"Kijana, hata chakula hakipiti," akasema. (Alikuwa kwenye kiazi cha pili.)

"Si umwone fundi?"

"Fundi anataka mbao. Mbao zinataka kibali. Kibali kinataka mtu anayeheshimika."

Akaniahidi kwamba nikimsaidia kubeba, nitalala kwake mwezi mzima. Nami sikuwa na pa kulala. Siku hizi mgeni asiye na mwenyeji, balozi wa nyumba kumi akimkuta, anamlaza ofisini na kesho anamrudisha alikotoka. Nikakubali. Sasa niambieni nani mjinga, yeye au mimi.

Kijiji tulichokiingia kilikuwa kipya, matope ya kuta hayajakauka vizuri. Njia moja imenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, nyumba huku na huku, zote sawa. Hakuna mtu. Ilikuwa siku ya shamba la kijiji, wote wamekwenda kuvuna ulezi. Kila nyumba imetundika mkeka. Isipokuwa moja.

"Mninga," Mzee Gaudensi akanong'ona, akaupapasa ule mlango kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani.

"Tupige hodi kwanza?"

Akaniangalia kwa dharau. "Mwizi hapigi hodi."

Sawa. Lakini hakuchungulia pia. Sifa zote zile za kumvua mtu blanketi, na hakuchungulia. Akatoa kipande cha nondo kwenye koti, akaanza kung'oa bawaba huku anakohoa. Ya juu ikatoka. Ya chini ikakataa, nikaivuta mimi (nilitaka kuonekana nafaa). Ikavunjika katikati. Tukautwika kichwani kwangu, maana yeye ni mstaafu.

Mtu aliyebeba mlango haoni kitu ila miguu yake. Nilikuwa nimehesabu hatua chache tu niliposikia nyimbo. Wavunaji wanarudi.

"Mzee, wanakuja. Tupite wapi?"

Nikainua ukingo wa mlango. Mzee Gaudensi alikuwa mbele kule, anashikana mikono na watu, anawauliza ulezi mwaka huu umekubali? Nami nimesimama katikati ya njia iliyonyooka, hakuna mgomba, hakuna kichaka.

"Ndugu," mwenyekiti wa kijiji akaniuliza, "umebeba nini?"

"Mlango."

"Unaupeleka wapi?"

"Kwa fundi."

Mwanamume mmoja akatua kikapu chake cha ulezi taratibu. "Fundi ni mimi," akasema. "Na huo nimeutundika Jumamosi."

Nyuma yangu ikaja sauti ya mwanamke. "Huyo mhojini baadaye. Kwanza mwulizeni huyo mwenye koti."

Alitoka kwenye nyumba tuliyoiacha wazi, ameshika ungo. Mzee Gaudensi akaanza kuangalia viatu vyake.

"Baba Leonsi, sogea watu wakuone," mwanamke akasema. "Nilikuwa ndani napepeta. Nimewaangalia tangu mlipoanza. Nikasema ngoja nimwone leo huyu mtu anayetembea kama paka. Umekohoa kama trekta."

Ndipo yote yakawa wazi. Watu wa bondeni nao walikuwa wamehamishiwa kwenye mstari huu, na kaka yake miongoni mwao. Mlango mmoja wa mbao kijiji kizima, na Mama Leonsi ameufuata. Mumewe naye ameufuata.

"Sikujua ni kwa shemeji," Mzee Gaudensi akasema.

"Na kama si kwa shemeji?" mkewe akauliza.

Kaka mtu, jitu la mabega mapana, akamnyooshea mkono. "Karibu, shemeji. Ungepiga hodi tu."

Kijiji kizima kilicheka. Mama Leonsi hakucheka. Alisema atarudi kwa mumewe siku atakayotengeneza mlango kwa mikono yake mwenyewe, fundi akiwa shahidi. Mwenyekiti akaona hilo linatosha kuwa hukumu, akaongeza na kazi ya kuvuna ulezi wa kijiji juu yake. Mwizi mstaafu sasa ni mwanafunzi wa useremala.

Kisha wakanigeukia. Mimi mgeni wa nani?

"Simjui," Mzee Gaudensi akasema. "Tumekutana njiani." (Kweli kabisa. Ndiyo iliyoniuma.)

Shemeji akaokota bawaba iliyovunjika. "Hii kavunja nani?"

"Mimi."

"Nyingine haipatikani mpaka mtu aende mjini. Basi wewe utalala kwangu."

Nikashukuru kabla sijauliza wapi. Nimelazwa kizingitini, mahali pa mlango, kukinga upepo. Naandika haya nimejikunyata kwenye blanketi la kuazima, upepo wote wa Ufipa unapita kwangu kwanza ndipo uingie ndani. Mama Leonsi ameniruka mara mbili akienda kuchukua kuni. Mara ya pili ameniambia nisije nikakoroma usiku, kwa sababu mlango haukoromi.

Anayetaka kunicheka, aje kwanza achukue zamu.