Kamati ya Kulinganisha Simu

Halmashauri ya Mkunguni, katika pwani ya Lindi, iliutangazia umma kwa kipaza sauti cha kukodi kwamba enzi ya kununua simu kiholela imekwisha. Kila simu ya serikali italinganishwa kwanza na nyingine, kisayansi, na Kamati Maalumu ya Ulinganishi wa Simu za Daraja la Juu.

Chanzo kilikuwa Zuwena, muuguzi wa zahanati. Aliomba simu moja, yoyote, ya kuitia gari la wagonjwa.

"Yoyote!" Mkurugenzi, Bwana Valentini, alisikitika kikaoni. "Ndiyo maana hatuendelei."

Papo hapo akamteua Dismas, ofisa ugavi, kuwa katibu wa kamati. Dismas alitoka kikaoni kifua mbele. Alikuwa amekaimu cheo muda mrefu mno, hata mkewe Anjelina alikuwa akimwita "kaimu mume wangu". Safari hii aliona kuthibitishwa kunakuja mbio.

Alikwenda Lindi mjini, dukani kwa Ismaili.

"Karibu, bosi. Unataka simu ya kazi gani?"

"Za kulinganishwa."

"Zikishalinganishwa?"

Dismas akapekua karatasi zake. Hadidu za rejea hazikufika huko.

"Mimi mfanyabiashara, bosi, sipendi kujiharibia," alisema Ismaili. "Lakini simu hununuliwa kwa kazi yake. Kama ni kupiga na kupokea, ile ya pale pembeni inakaa na chaji mpaka unaisahau. Hizi tatu unalipia jina na kamera."

"Nipe zote tatu," alisema Dismas. "Ushauri wako utazingatiwa awamu ya pili."

Majaribio yakaanza kwa weledi mkubwa. Uvumilivu wa betri ulipimwa nyumbani kwa wajumbe, kwa kuangalia mpira, maana tabia ya betri hujulikana nyumbani. Simu ya kwanza ilikataa kuutambua uso wa Mkurugenzi mpaka avue miwani. Ikapunguziwa alama kwa utovu wa nidhamu. Ya pili ilimpiga picha alivyo. Nayo ikapunguziwa. Ya tatu ilimpunguzia miaka na kitambi, ikapata alama zote za uadilifu.

Siku moja Zuwena akaingia ofisini. "Kaka Dismas, simu yetu vipi?"

"Iko kwenye mchakato, dada."

"Na gari?"

"Gari si liko gereji? Linasubiri kipuri."

"Juzi Fauzia tumempeleka kujifungua kwa bodaboda. Mkono mmoja kashika tumbo, mwingine kamshika dereva."

Dismas alijisikia vibaya kweli. Akamwagizia soda.

Hatimaye ikawadia siku ya kutangaza mshindi. Turubai zilifungwa, runinga kubwa ikawekwa mbele ya wananchi, na simu ya tatu ikaunganishwa nayo. Mkurugenzi alikaa mbele bila miwani, asije akakataliwa tena na simu.

"Sasa," alitangaza Dismas, "tutaona uwezo wa kuvuta picha ya mbali."

Akaielekeza simu kwenye kilima ng'ambo ya bonde, mahali ambapo kwa macho huoni ila kijani. Akavuta. Ikatokea nyumba inayojengwa, ya ghorofa. Watu wakapiga makofi.

"Vuta zaidi!" aliamuru Mkurugenzi, akikenua kuelekea kwenye ukungu aliokuwa akiuona. "Wananchi waone thamani ya fedha yao!"

Dismas akavuta. Kando ya nyumba likaonekana gari jeupe, mlango wa nyuma wazi, limejaa mifuko ya saruji. Mkono wake ukasita.

"Vuta, Katibu! Unaogopa nini?"

Akavuta. Ubavuni maandishi yalisomeka vizuri kuliko gazeti, na umati ukayasoma kwa pamoja: "Ga-ri la wa-gonj-wa."

"Kumbe gereji yenyewe ina ghorofa," alisema Zuwena.

Mkurugenzi alipapasa miwani yake, akaivaa, akaona. Akasimama. "Wananchi, msidanganyike! Simu za siku hizi zinaongeza vitu visivyokuwepo. Hiyo ni akili bandia! Katibu, waeleze."

Dismas alimtazama bosi wake. Alikiona cheo kikimpungia mkono. Kisha akamwona Fauzia, mstari wa tatu, akinyonyesha.

"Mheshimiwa," alisema kwa unyenyekevu, "akili bandia tumeizima asubuhi, kwa maelekezo yako, ili ushindani uwe wa haki."

Kicheko kilichozuka kilitikisa turubai. Mkurugenzi alijishika kifua, akakaa, akavuja jasho. Zuwena akamkimbilia, akampima, akatikisa kichwa. "Presha imepanda. Anahitaji gari."

Vijana wa bodaboda wakaondoka kasi kuelekea kilimani. Gari likafika na mzigo wake. Dereva, kwa hofu, hakushusha hata mfuko mmoja. Hapakuwa na muda. Wakamlaza Mkurugenzi juu ya saruji, naye Zuwena akapanda kumshikilia.

Kufika zahanati wakamshusha Mkurugenzi, kisha wakashusha saruji. Alipopata nafuu jioni ile, mweupe kwa vumbi la saruji kama mchuuzi wa unga, aliondoka bila kuuliza habari za mifuko. Hakuna mwingine aliyekuja kuidai. Kudai kungehitaji maelezo.

Kwa kuwa mali isiyo na mwenyewe ni jambo zito, Halmashauri iliunda Kamati Maalumu ya Kumtafuta Mwenye Saruji. Dismas ni kaimu katibu. Uchunguzi unaendelea kwa umakini, na wajumbe hukutana kwenye wodi ya wazazi ya zahanati, ambako sakafu mpya imekwishakauka.