Mukashyaka Asimama Ziwani na Jembe

Mvumilivu hukuta maganda. Mbivu huliwa na waliokwisha kupigwa picha. Sogeeni basi, enyi watu wa Gisenyi na Rubona, nanyi mlio na ndugu Goma, zimeni redio zenu mnisikilize mimi Teta, karani wa kampuni ya uvuvi ya Mukashyaka, nikisimulia jinsi bibi huyo, Simba wa Maji Matamu, Malkia wa Mitumbwi Mitatu Iliyounganishwa kwa Miti, alivyoiangusha fomu ya kurasa nne.

Serikali ilitangaza kwamba ruzuku ya kilimo itawafikia pia wafanyabiashara wa uvuvi. Neema iliyoje! Ila fomu ilibaki ileile ya wakulima, nayo iliamuru: mwombaji apigwe picha akiwa amesimama katikati ya shamba lake, jembe mkononi. Mwaka uliopita, upande wa uvuvi, alifaulu mmoja tu, Régis mwenye hoteli, ambaye samaki huwavua kwa uma. Alisimama kwenye mchicha ulio nyuma ya jiko lake, akapewa wavu mpya, akautundika ukutani juu ya baa uwe pambo.

Wavu wetu ulikuwa umeliwa na panya katika ile miezi miwili ambayo ziwa hufungwa ili sambaza, dagaa wa ziwa letu, wazaane. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ziwa lingefunguliwa Jumatatu. Pasipo wavu, wapiga makasia wetu kumi, mashujaa ambao bila wimbo hawasogei hata shibiri moja, wangehamia kwa tajiri mwingine, na kampuni ingekufa.

Ndipo Mukashyaka akamkabili Kimenyi, bwana shamba wa Serikali, Mlinzi wa Muhuri, aliyeshuka Rubona na mabuti ya shambani, fomu kifuani kama ngao.

"Bon, Mama, shamba yako iko wapi?"

"Unaiangalia, Chef."

"Mi naona maji."

"Baba yangu alikula humo. Mi nimesomesha watoto watano humo. Kama hii si shamba, ni nini?"

"Fomu inasema jembe mukononi."

Bibi akaazima jembe kwa mama aliyekuwa akirudi kutoka kulima, akakaza kitenge, akaingia ziwani. Maji yakamfika magotini, hakutetemeka. Yakamfika kiunoni, akasonya. Yakamfika kifuani, akapiga yowe lililosikika hadi kiwanda cha bia. Lakini alisimama, jembe juu, kama jemadari juu ya ngome iliyotekwa.

Dauda, mwimbishaji wa makasia, akaanzisha wimbo wa vita, na wenzake wakaitikia ufukweni.

"Palilia, Mama Patron! Usiache magugu!"

"Na zao iko wapi?" akanguruma Kimenyi. "Lazima ionekane kwa picha!"

"Mulimaji Sebagabo wa Bugeshi mulimupiga picha kwa shamba yake ya viazi. We uliona kiazi?"

"Viazi viko chini ya udongo, Mama!"

"Na sambaza wako chini ya maji, Chef! Piga hiyo picha, nakufa na baridi!"

Kimenyi akatazama fomu. Akatazama milima ya moto, nayo haikumsaidia. Mimi nikabonyeza simu. Naye, kama mfalme anayesalimisha mji wake, akagonga muhuri.

Kesho yake tulichukua wavu dukani kwa fomu ile, na Jumatatu makasia yote kumi yakaingia majini kwa wimbo. Miaka ya Rubona na ihesabiwe upya tangu siku hiyo!

Sasa ofisi ya Kimenyi imeniletea barua. Picha ile, niliyomtumia shangazi yangu wa Goma peke yake, imeingia katika kila simu pande zote mbili za mpaka, na watu wanamuuliza Kimenyi kama sambaza wanahitaji mbolea. Barua inanitaka niombe radhi kwa kuidhihaki fomu ya Serikali.

Nimeisoma fomu hiyo tena, mstari kwa mstari. Tulitii kila neno. Siombi radhi.