Kisa Kitukufu cha Jinsi Chanceline wa Rumonge Alivyomgusa Leonsi Begani

Sogeeni, enyi watu wa ukingo wa Tanganyika, kutoka Kabezi mnakosubiri gari hadi Magara mnakobishania bei ya samaki. Zimeni redio, watulizeni watoto, na wewe unayechambua maharage weka ungo chini, kwa maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Nawasimulia vita vya mataifa. Nawasimulia gongo na mpira, vumbi na jasho, na mkono wa binti mmoja aitwaye Chanceline, ambaye siku ile aliuokoa mji wa Rumonge usifedheheke mbele ya ulimwengu. Na mtu asiniambie kwamba ulikuwa mchezo wa watoto. Nilikuwapo.

Mji wa Rumonge, ulionona kwa mawese na kunukia ndagala, wale dagaa wa ziwani, ulikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Kimataifa ya Besiboli ya Vijana, na hilo neno kimataifa halikuwekwa pale kwa urembo. Yalikuja mataifa matatu. Kutoka Kongo walikuja vijana wa Uvira, wepesi wa miguu na wepesi zaidi wa maneno. Kutoka Tanzania walikuja vijana wa Kigoma, warefu, waliovaa soksi zinazofanana. Na taifa la tatu tulikuwa sisi wenyewe. Mataifa mengine ya dunia hayakualikwa, au yalialikwa yakaogopa. Wajuzi wa mambo hawajakubaliana. Zawadi ya bingwa ilikuwa beberu mweupe mwenye utepe shingoni, aliyefungwa kwenye mlingoti wa bendera, akiwatazama washindani wote kwa dharau isiyobagua.

Kwa asiyejua besiboli, na mimi nilikuwa mwenzenu hadi juzi, mambo ni haya: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha mpigaji anakimbia kuzunguka vituo vitatu, ambavyo kwetu vilikuwa mifuko ya sementi iliyojazwa mchanga. Akirejea alikoanzia kabla hajaguswa kwa mpira, timu yake imepata pointi. Akiguswa njiani, ametoka, na wakitoka watatu zamu yao imekwisha. Mengine yote ni kelele.

Lakini vita hupiganwa juu ya ardhi, na ardhi ile ilikuwa na mwenyewe. Tangu zamani palikuwa pahali pa Mama Zainabu, malkia wa ndagala, mwanamke ambaye akikohoa wachuuzi hupunguza sauti. Hapo ndipo alipotandaza nyavu zake kuukuu na kuanika samaki. Watoto nao walikuwa wakijifunzia besiboli katikati ya michikichi, ambako mpira ukipigwa hugonga gogo na kurudi kumtafuta aliyeupiga. Mwaka mzima walitembea na vipaji vya nyuso vilivyovimba. Ndipo Chanceline, binti wa miaka kumi na mitatu, bila kutumwa na yeyote, alipomwendea malkia, akapiga goti na kuomba uwanja.

"Mwanangu," Mama Zainabu alimjibu mbele ya mashahidi, "mimi hiyo bezi sijui nini siijui. Lakini nasikia inchi iko tatu. Mukiwa wa kwanza, mubaki hapa. Mukiwa wa pili, mubaki. Mukiwa wa mwisho, ndagala yangu inarudi pahali pake, na nyinyi mutacheza kule majini na viboko."

"Nimekubali, mama," alisema Chanceline kwa niaba ya wenzake wote, ambao hakuwa amewauliza. Malkia akaihamishia himaya yake pembeni kabisa mwa uwanja, akaketi juu ya kigoda na kungoja.

Basi siku ikafika. Asubuhi Kigoma walitupiga. Sitaeleza zaidi, msimulizi mwema hasemi uongo, lakini hakatazwi kunyamaza. Kisha Kigoma wakawapiga na Uvira, ila kwa huruma kidogo, hata ikajulikana kwamba jioni Rumonge na Uvira watapambana kugombea nafasi ya pili, na wakienda sare nafasi hiyo ni ya Uvira. Ufalme wa dunia ulikuwa umekwisha kupata mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko ufalme: kutokuwa wa mwisho.

Mwalimu Melkiades, kocha wetu, aliyerudi nchini baada ya miaka mingi ya ukimbizi Tanzania, aliwakusanya mashujaa wake na kunena kwa sauti ya kutetemesha vyandarua.

"Vijana wangu! Mimi nimevuka mpaka na godoro kichwani. Nimelala kwenye hema mvua ikininyeshea ndani kuliko nje. Sikuogopa! Lakini leo nawaambieni ukweli, naogopa." Akageuka taratibu kutazama kigoda cha pembeni. "Namwogopa yule mama."

Kisha akawapanga. Chanceline alimpeleka mbali kabisa, mwisho wa uwanja, karibu na ndagala, ambako mpira haukuwa umefika tangu asubuhi. Hakufanya hivyo kwa chuki. Yule binti alikuwa hajawahi kupiga kitu chochote kwa gongo, na kwa kudaka alikuwa na desturi ya kufumba macho. Naye alisimama kule akijua vizuri kwamba neno alilompa Mama Zainabu ni lake peke yake, na kwamba wenzake wakirudi kwenye michikichi watamkumbuka kila wakivimba.

Mapambano yalikuwa makali. Gongo lililia, vumbi likapanda, mrushaji wetu akarusha hadi bega likamsaliti. Ilipofika zamu ya mwisho ya Uvira, Rumonge, ndiyo, Rumonge hii hii, ilikuwa inaongoza kwa pointi moja. Wapigaji wawili wa Uvira walikuwa wamekwisha kutoka. Akitoka wa tatu, tumepona.

Wa tatu alikuwa Leonsi. Ogopeni mkisikia jina hilo. Mvulana wa Uvira, mwenye mapaja kama michi, ambaye mchana alikuwa amekula sahani mbili za wali wetu na kutushukuru kwa adabu, jambo lililotutia hofu zaidi. Alishika gongo, akatema mate kushoto, akapiga. Lo! Mpira uliruka juu ya mrushaji, juu ya vituo, juu ya kichwa cha Chanceline aliyefumba macho kwa kujiandaa, ukaenda kutua pu! katikati ya ndagala za Mama Zainabu.

Chanceline alifumbua macho na kukimbia. Leonsi naye alikimbia. Lakini njia zao hazikuwa sawa, kwa sababu Leonsi mbele yake palikuwa na mifuko ya mchanga tu, na Chanceline mbele yake palikuwa na adabu. Mwambao wote unajua: hakuna aingiaye kwenye ndagala za mtu na viatu, wala bila kumwamkia mwenyewe na kuambiwa apite. Waziri hapiti. Askari hapiti. Chanceline akasimama ukingoni mwa nyavu, akavua viatu, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amahoro?"

"Amahoro, mama. Naomba kuchukua mpira."

"Nyumbani iko salama?"

"Salama, mama." Nyuma yake Leonsi alikuwa amepita kituo cha kwanza.

"Nyanya yako, ule mguu wake ulipona?"

"Ulipona, mama, murakoze, asante." Kituo cha pili.

"Na kule shambani Gatete, mihogo inaendelea je?"

Sina ushahidi kwamba Mama Zainabu alifanya kusudi. Nasema tu kwamba mimi nimepita mbele ya kigoda kile miaka na miaka nikimwamkia, naye hunijibu kwa nyusi.

"Mihogo iko muzuri sana, mama," alisema Chanceline, na machozi yakamlenga, kwa sababu Leonsi alikuwa anakaribia kituo cha tatu na watu wa Uvira walikwisha kuanza kuimba.

"Basi pita, mwanangu. Usiikanyage."

Ni katika dakika hiyo ambapo majaliwa yaliingia uwanjani yakiwa na kwato. Vijana wa Kigoma, mabingwa, walikuwa wamemfungua yule beberu ili kila mmoja apigwe picha ameshika pembe, na beberu, aliyechoka kuwa zawadi, aliwaponyoka. Alipita kati ya mashabiki, utepe ukipepea, na kunyoosha moja kwa moja kwenye ndagala, ambako harufu ya chumvi ilikuwa inamwita. Mama Zainabu alikuwa amempa mgongo, bado anawaza mihogo.

Leonsi alimwona. Alikuwa amebakiza hatua chache afike alikoanzia. Hapakuwa na mtu wa kumzuia. Lakini Leonsi mama yake anaanika ndagala Uvira, na mtoto aliyelelewa pembeni mwa ndagala hafundishwi tena: akiona mnyama anaziendea, ziwe za nani, ziwe za nchi gani, miguu inaondoka yenyewe. Alikata kona na kuacha njia, pointi, na taifa lake linalomlilia, akavuka uwanja mzima akipiga yowe.

"Mbuziii! Mama, ndagala! Ndagala inakwisha!"

Alimfikia beberu kwato za mbele zikigusa wavu, akamrukia na kumkumbatia shingoni. Wote wawili wakaanguka ukingoni, palepale ambapo Chanceline, peku, alikuwa anatoka na mpira mkononi.

Uwanja ulilipuka. "Mguse!" alipaza sauti Mwalimu Melkiades. "Mguse, mwanangu, mguse!" Chanceline alimtazama yule mvulana, vumbi kichwani, utepe mdomoni, akimng'ang'ania mnyama asiye wake kulinda samaki wasio wake. Aliona haya. Nasema wazi, shujaa wetu aliona haya.

"Nikuguse?" aliuliza.

"Gusa mbio," alisema Leonsi akihema. "Mbuzi hii iko na nguvu."

Naye Chanceline akanyoosha mkono wake mtukufu, na kwa mpira akamgusa begani, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa.

Kocha wa Uvira alidai kwamba mbuzi si mchezaji. Mwamuzi Abdulhamid alitafakari, akainua kidole na kutoa hukumu: "Mukimbiaji aliacha njia kwa mapenzi yake. Aliguswa na mupira. Ametoka. Kama alikuwa na mbuzi ao hakuwa na mbuzi, ile ni mambo yake na mbuzi." Hapo Rumonge ikawa ya pili duniani kwa hesabu ya waliokuja, na ngoma zikapigwa.

Mama Zainabu aliinuka kutoka kigodani, akamkung'uta Leonsi vumbi, akamgeukia Chanceline.

"Niliahidi, na uwanja ni wenu. Lakini mujue ni mugeni ndiye amewapa."

Shangwe zilipopungua, Chanceline alimfuata Leonsi kwenye gari lao. Hakuwa na maneno ya shujaa.

"Sema kweli. Ungefika?"

"Ningefika nikitembea," alisema Leonsi.

Chanceline aliinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa amekunja uso kwa namna ambayo ningekuwa Uvira ningeiogopa.

"Basi murudi mwaka ujao. Tutawapiga kweli. Sasa tuko na pahali pa kujifunzia."

Andikeni basi, enyi mnaohifadhi habari za wafalme, na kama nafasi haitoshi futeni mfalme mmoja: kwamba siku ile, Rumonge, binti peku alimgusa begani mvulana aliyekumbatia mbuzi, na kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, peke yake na gongo, akijifunza kutofumba macho.