Malalamiko Kuhusu Kompyuta Yangu Kukataa Kutua

Itigi,
9 Juni

Kwa Ndugu Calist,
Mkuu wa Mitambo ya Familia,
Dodoma.

Mwanangu mpendwa,

YAH: KOMPYUTA KUBAKI ANGANI

Nimewaficha jambo tangu Pasaka. Kila mlipopiga simu kuuliza kwa nini sionekani kwenye kikao chetu cha video cha Jumapili, nilisema mtandao wa Itigi unasumbua. Si kweli. Mtandao ni mzima. Wauza asali wa pale stesheni wanatazama mpira kwenye simu zao. Kompyuta uliyoniletea ndiyo imejiweka katika hali ya ndege, ile inayokata mawasiliano yote, na imekataa kutoka. Daktari amenishauri, kwa upole mwingi, nisianze kazi yoyote inayongoja msimu ujao. Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu mapema.

1. Nimetumikia reli miaka thelathini na mmoja na sijapanda ndege hata siku moja. Leo kwenye pembe ya kioo changu kuna kindege, na wastaafu wenzangu wakikiona wananiita msaliti. Kama lazima mashine iwe safarini, kwa nini haikuwekewa hali ya treni? Treni zetu zilichelewa, nakubali, lakini zilifika.

2. Ulipoiwekea mfumo wa Linux ulisema haitapata virusi. Ni kweli, haijapata virusi. Imepata mabawa.

3. Nilimwita Sixbert, fundi wa simu wa sokoni, nikamkataza asikupigie. Alifungua dirisha jeusi, akaandika amri, mashine ikajibu kwamba kizuizi laini, cha programu, hakipo; kizuizi kigumu, cha kwenye mwili wa mashine, kipo. Nimewahi kuongoza wafanyakazi wenye tabia hiyohiyo. Daftari la maelekezo uliloniachia linasema tatizo likizidi, tupakue dawa kutoka mtandaoni. Calist, unamtuma mtu kisimani, na kamba umeiacha ndani ya kisima.

4. Mama yenu Damari akiulizwa hali yangu siku hizi anajibu, "Yuko angani, bado hajatua." Jumanne mwenyekiti wa kitongoji alikuja kutoa pole. Alinikuta nakunywa uji, akakaa, akaumaliza nami, na bado akaacha sukari ya msiba.

5. Padri alikuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Nilimwomba asubiri, kwa sababu sina hakika kama mamlaka ya parokia yanapanda juu kiasi hicho. Katekista Emilian alicheka mpaka akaombwa atoke nje.

Kwa sababu hizo, natoa ombi rasmi. Kwenye reli, treni ikikwama na simu ya stesheni isipojibu, watu hutembea kwa miguu kuifuata. Hivyo njooni wote: wewe na ndugu zako, Evodia wa Mwanza na Stefano wa Mbeya, na wake, waume na watoto wenu. Kila mmoja ashike upande wake wa mashine, tuiteremshe pamoja. Msitume fundi. Msitume kompyuta nyingine. Iwe kabla ya mwisho wa mwezi huu, maana sidhani kama nitakuwapo kuwapokea baada ya hapo.

Wasalimie wakwe zangu, majirani zako, na yule mlinzi wa getini kwako ambaye huniuliza kila mara kama Itigi ni mbali.

Ni mimi baba yako,
Yeremia,
Mkuu wa Stesheni mstaafu.

Tanbihi: Mashine ni nzima. Sixbert aligundua siku ya kwanza kwamba pembeni, karibu na tundu la chaja, kuna swichi ndogo ya kukata mawasiliano, nikamwomba anyamaze. Inarudi kwa ukucha tu. Niliisukuma mwenyewe Jumapili ya Pasaka. Mlimleta Eliana mbele ya kioo, mkamwambia, "Mwamkie babu." Akasema shikamoo, kisha akainamisha kichwa nimguse utosini, kama nilivyowafunza ninyi nyote. Nikanyoosha mkono. Kioo kilikuwa na joto kidogo. Mtoto akaendelea kusubiri. Kabla hajainua kichwa, nilikuwa nimeisukuma swichi.